Buli Lililorudi Tupu

Wenye ndimi ndefu na wakae mbele, maana haya ni yao. Mimi sikuja kumbembeleza mtu. Nimekuja kusema yaliyotokea hapa kwetu Likoni mwaka ule wa vita, na nitayasema kwa majina, nani alifanya nini na nani alinyamaza. Atakayechomwa na achomeke.

Mtaa wetu ulikuwa na raha yake, msidhani ulikuwa na shari tangu hapo. Asubuhi za kusi, manyunyu yakianguka na watu wakiamka pua zimeziba na sauti zimekauka, ungesikia kinu cha Mwanatabu kikilia uani kwake. Mwanatabu mke wa Ishaka. Alikuwa akiponda tangawizi. Kisha harufu ingekufuata hadi kitandani: tangawizi, mchaichai, mdalasini, karafuu na pilipili manga, vyote chunguni. Akishateremsha chungu ndipo akamuliapo ndimu, kwani ndimu ikichemka huwa chungu. Mwisho kabisa asali, maana sukari siku zile ilitolewa kwa kipimo, na ukiipata wailamba kwa macho. Akimimina katika buli lake la kauri lenye maua ya buluu, akilifunika kitambaa, akilipeleka mwenyewe kwa mgonjwa. Ukinywa kikombe kimoja jasho lakutoka, koo lalegea, kifua chapata joto, walala. Sitamnyima haki yake. Mwanamke yule alikuwa na mkono wa dawa.

Nasi tulikuwa na ada yetu, na bado tunayo. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa kitu, ukishapona, warudisha chombo na chochote ndani yake: ndimu mbili, konzi ya chumvi, kipande cha boga, hata kikonyo cha mrehani kama huna kitu. Hakuna aliyefundishwa ada hiyo kwa maneno. Mtoto huiona kwa mamake, akakua nayo. Ndiyo sababu hatukuwahi kufikiri kuwa yuko asiyeijua.

Basi wakaja Ngowa na mkewe Margaret. Walitoka upande wa Ribe, wakapanga chumba katika nyumba ya Mzee Mwinyihaji, ukuta kwa ukuta na uani kwa Mwanatabu. Ngowa alipata kibarua Kilindini, kupakua shehena za meli, tena katika kundi lile lile la Ishaka. Wakawa wakivuka kwa feri pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, wakicheka kama watu waliozaliwa nyumba moja. Margaret alikuwa kijana, mpole, mja mzito. Alilelewa misheni tangu udogo, kwa mwalimu mmoja mkali, na huko alifunzwa jambo moja hata likawa dini: cha mtu ukikiazima, kirudishe kikiwa safi kuliko ulivyokipokea.

Msimu wa kusi ulipoanza, Margaret alishikwa na mafua. Mwanatabu akamsikia akipiga chafya nyuma ya ukuta.

"Margaret!"

"Abee, Bi Mwanatabu."

"Mafua hayo yatakutoa roho na hiyo mimba. Tulia hapo, nakuja."

Akamchemshia, akampelekea, akamkalia hadi amalize. Alitia asali ya mwisho aliyokuwa nayo. Margaret akanywa huku machozi yakimtoka kwa ukali wa tangawizi, akasema, "Mungu akubariki, bibi. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kunipa kitu kama hiki." Basi ukitazama, ulikuwa wema mtupu. Hakuna aliyejua kuwa wema ule ungezaa kaburi.

Alipopata nafuu, Margaret alilichukua buli lile akalisugua kwa jivu na makumbi. Alilisugua ndani na nje, hata kile kidomo ambacho Mwanatabu mwenyewe hakuwahi kukigusa kwa miaka. Likang'aa. Akalifunika kitambaa alichokifua, akalishika kwa mikono miwili kwa adabu, akaja nalo barazani kwa Mwanatabu.

Barazani siku hiyo walikuwapo wanawake wakisuka ukili. Alikuwapo Dhahabu, huyo ambaye mnamjua kwa mdomo wake, na Bi Mwanasaumu mkunga, na wengine.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu. Nimekurudishia chombo chako. Ahsante sana."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mwanatabu, akalipokea. Akafunua kifuniko kama afanyavyo mtu yeyote, aone ameletewa nini.

Hamna kitu. Jeupe pe! Margaret akatabasamu, akingoja asifiwe kwa kulisugua. Mwanatabu naye akatabasamu. Margaret alipokwenda zake, Dhahabu akaangua kicheko hata akaangusha ukili.

"Haya, mwenzetu! Umepikia watu asali, umeletewa upepo!"

Wakacheka wote. Mzaha tu, mzaha wa barazani. Lakini Mwanatabu hakucheka. Aliingia ndani, akaliweka buli rafuni, akasimama akilitazama. Alisema peke yake, na baadaye alikiri mwenyewe kuwa alisema, "Mtoto wa juzi, atoke huko atokako, anidharau mbele ya watu? Wallahi nitamlipa, na atajua nimemlipa."

Sasa nisikilizeni. Neno moja tu lingetosha. Kumwita pembeni, kumwambia, "Mwanangu, kwetu sisi hivi na hivi." Basi. Yule binti angekimbia kutafuta ndimu hata huko Kongowea. Lakini Mwanatabu hakutaka ndimu. Alitaka kisasi.

Akaanzia kisimani. Alingoja wanawake wajae, akavuta ndoo polepole, akaguna.

"Una nini?" Dhahabu akamwuliza.

"Sina kitu. Naogopa tu. Nyie hamkai ukuta mmoja naye."

"Nani?"

"Yule wa Mwinyihaji. Mwayaita mafua, sivyo? Nimeona kitambaa chake kwa macho yangu haya." Akashusha sauti. "Damu. Yuwakohoa damu. Kifua kikuu kile, na dawa yangu haikufua dafu."

Alikuwa ameona makamasi, akasema damu. Na ninyi mliokuwa pale, mlifanya nini? Mlimwuliza? Mlikwenda kumtazama binti wa watu? Mliyabeba maneno pamoja na ndoo zenu, kila mmoja akayafikisha kwake, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa na kifua kikuu mdomoni.

Kesho yake Margaret alipofika kisimani wanawake walivuta ndoo zao, wakampisha kama apishwavyo mbwa. Akadhani ni heshima kwa sababu ya mimba. Akasema ahsanteni! Siku zilipopita ndipo alipoanza kuona. Watoto waliokuwa wakimchezea mlangoni wakaitwa kwa ukali. Mwuza maandazi akamwekea andazi chini badala ya kumpa mkononi. Bandarini, nyapara akamwambia Ngowa asisogelee kundi lake tena, watu wanalalamika. Ishaka, na hili niliseme kwa sauti, Ishaka peke yake alimtetea. Alisema, "Huyu nimekula naye sahani moja, mbona mimi sijakohoa?" Nyapara hakumsikia. Na Ishaka hakujua kabisa kuwa moto huo umewashwa jikoni kwake.

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe kwa uchungu. "Watu wabaya, Mwanatabu. Wamemzushia mke wa Ngowa ugonjwa. Wamemkatia mwenzangu riziki."

"Pengine si uzushi," akasema Mwanatabu, akampakulia wali.

Mnamwona? Hata hapo angeweza kurudi nyuma. Akampakulia wali.

Uchungu ulimshika Margaret mchana, jua la utosi. Ngowa alikimbia kwa Bi Mwanasaumu mkunga, akampigia magoti. Bi Mwanasaumu alizalisha nusu ya mtaa huu, na alikuwa hajawahi kumkataa mtu, tajiri wala maskini, Mwislamu wala Mkristo. Akabeba kikapu chake, akaja. Alipofika mlangoni pa ua, akasimama. Akasikia Margaret akilia ndani, na katikati ya kilio akakohoa. Kukohoa tu, kwa kilio kilichomkausha koo. Bi Mwanasaumu akarudi nyuma hatua, kisha nyingine.

"Nina wajukuu nyumbani, baba," akamwambia Ngowa. "Nisamehe." Akaenda zake.

Margaret alijifungua mikononi mwa mumewe, mwanamume ambaye hakujua kitu ila kubeba magunia. Mtoto alikuja kitovu kimemzonga shingoni. Mkunga angekiondoa kwa kidole, wenyewe husema ni jambo la kawaida. Ngowa hakujua. Alikuwa mtoto wa kike, ametimia kila kitu.

Mwanatabu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alisikia yote. Aliposikia kilio cha Margaret kimegeuka, akajua. Akasema, "Mungu ndiye mpaji, naye ndiye mchukuaji," akachukua ufagio, akafagia ua ambao ulikuwa umekwisha fagiwa.

Kesho yake Mzee Mwinyihaji aliwataka watoke, wapangaji wengine wametishia kuhama. Wakaondoka na mkeka mmoja na sanduku, na maiti ya mtoto imefungwa kanga, wakavuka feri, wakaenda Mikindani kwa Kazungu, nduguye Ngowa. Huko ndiko walikomzika.

Mwasema Mungu hana haraka? Safari hii alikuwa nayo.

Kusi halikuwa limekwisha. Mafua yakarudi kwa nguvu, mabaya kuliko yale ya kwanza, nyumba kwa nyumba. Mwanatabu akachukua kinu chake, akaponda, akachemsha, akaanza kupeleka kama zamani. Akapeleka kwa Dhahabu. Buli likarudi, tena mapema. Akalipokea, akaona lina uzito, akafurahi. Akafunua.

Lilikuwa limejaa dawa yake mwenyewe, imepoa. Halikuguswa.

Akatoka kumtafuta Dhahabu. "Mwenzangu, mbona hukunywa?"

Dhahabu alisimama mbali, kanga puani. "Usinielewe vibaya. Lakini buli hilo si ndilo lililoingia nyumba ile? Si wewe uliyesema umemkalia akinywa? Nina watoto mimi."

Wote wakawa hivyo. Wengine walimrudishia, wengine walimwaga nyuma ya nyumba akiona. Na yeye mwenyewe alipopiga chafya kisimani, wanawake wakavuta ndoo zao. Alijua vizuri kuvuta ndoo kule kuna maana gani. Mwosha huoshwa, jamani, na maji ni yale yale.

Kisha Ishaka akaanguka.

Yalianza kama mafua ya kila mtu. Mwanatabu akamchemshia kila alichokijua. Alimpa tangawizi na ndimu, akamfukiza kwa mvuke wa majani ya mkaratusi na kivumbasi, akamsugua kifua kwa mafuta ya mnazi yaliyopashwa moto. Koo lilipata nafuu, kweli. Lakini homa haikushuka, na pumzi zikaanza kuwa fupi, na kila alipovuta hewa mbavu zilichoma hata akauma meno. Nami nawaambia hapa, kwa sababu wapo wanaodanganyana: tangawizi hulegeza koo, asali hutuliza kikohozi, na mvuke hufungua pua. Haviingii mapafuni kupigana na nimonia. Mtu akianza kutafuta pumzi, chungu chako kiteremshe, mpeleke hospitali.

Mwanatabu alilijua hilo. Hospitali ilikuwa ng'ambo, kisiwani, na Ishaka ni pande la mtu, hawezi hata kukaa. Alihitaji wanaume wa kumbeba na kitanda chake hadi ferini. Akatoka mlango kwa mlango.

"Nisaidieni, mume wangu yuwafa."

"Anakohoa?"

"Ndiyo, lakini ni homa ya mapafu tu, si—"

"Si wewe uliyetuambia kifua kikuu kiko ukuta mmoja nawe?"

Hapo akasema kweli kwa mara ya kwanza. "Nilisema uongo! Hakuwa na kitu, ni uongo wangu!"

Wakamcheka usoni. Mwanamume mmoja, Babu mwenye duka la makaa, akamjibu, "Bibi, leo wataka wachukuzi ndiyo imekuwa uongo. Kesho ukiwapata itakuwa kweli tena. Neno lako lipi tulishike?" Akafunga nusu ya mlango.

Mnasikia? Uongo wake waliumeza bila kutafuna, kweli yake wakaitema. Hakuna aliyebaki duniani wa kumwokoa Ishaka ila mtu mmoja: Margaret, aje asimame mbele ya watu, mzima wa afya, wamwone kwa macho yao.

Mwanatabu alimwacha mumewe kitandani, akiangaliwa na mamake mzee, akavuka, akapata lori la kumfikisha Changamwe, na kutoka hapo akaenda kwa miguu hadi Mikindani, akiuliza nyumba ya Kazungu. Alimkuta Margaret uani akitwanga mahindi. Kifua kizima, mkono una nguvu, hakuna hata kikohozi. Mwanatabu akapiga hodi. Margaret akamwona, akaendelea kutwanga. Hakusema karibu.

"Margaret, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Akaeleza yote, amesimama juani. Kisima, kitambaa, uongo. Ishaka anavyotafuta pumzi. Akasema, "Nimekuja nikupigie magoti. Twende useme kuwa hukuwa mgonjwa."

Margaret aliweka mchi chini. "Kumbe ni wewe." "Mimi nilidhani ni mtu anayenichukia. Wewe ndiye niliyekuombea kila usiku kwa ajili ya ile dawa. Na wakati huo huo nilimwomba Mungu huyo aliyenizushia amletee mgonjwa nyumbani. Amletee mgonjwa, naye azunguke milangoni, asipate wa kumfungulia. Nilikuwa nakuombea mema na mabaya kwa mdomo mmoja, nisijue."

"Nisamehe."

"Kanisani wanatufunza kusamehe. Nimejaribu. Haikuingia." Akajifunga kanga kiunoni. "Mgonjwa angekuwa mtu mwingine asiye Ishaka, ningekuacha hapo hapo ulipo, na ningekutazama. Lakini Ishaka alimtetea mume wangu alipokuwa hana mtetezi. Nitakuja. Ila sikiliza. Mimi sitakusemea. Wewe ndiwe utakayesema, mbele ya wote, na mkunga awe mbele kabisa. Ukificha hata nukta moja, narudi zangu."

Ngowa akafuatana nao.

Walipofika Likoni, Margaret alisimama katikati ya uwanja, kanga ameishusha mabegani watu wamwone vizuri. Watu wakakusanyika kwa mbali, kisha wakasogea, kisha wakasogea tena. Binti amenenepa! Anang'aa! Bi Mwanasaumu mkunga aliitwa, akaja amekwisha jua kuna jambo. Ishaka alikuwa ndani, dirisha wazi, akisikia.

"Sema," Margaret akamwambia Mwanatabu.

"Jamani, yalitoka maneno hapa mtaani—"

"Yalitoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Yalikuwa kweli?"

"Uongo. Sikuona damu. Hakuwa na ugonjwa wowote ila mafua."

Bi Mwanasaumu akashika kichwa. Akakaa chini, pale pale mchangani, na hakuna aliyekwenda kumwinua.

"Kwa nini uliyasema?" akauliza Margaret.

Mwanatabu alitazama chini. "Kwa sababu ya buli."

"Buli gani?"

"Lile ulilonirudishia tupu."

Margaret alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akageuka akatutazama sote. Bado hakujua. Hadi siku hiyo, hakuna kiumbe aliyemwambia.

"Kwani lilitakiwa kurudi na nini?"

Hatimaye Dhahabu, yule wa mdomo, ndiye aliyefungua kinywa, na sauti ilikuwa ndogo. "Chochote. Hata ndimu mbili."

"Ndimu," akasema Margaret.

Akasema mara moja tu. Mimi nimesikia matanga mengi, nimesikia wanawake wakijitupa makaburini, lakini sijasikia kilio kibaya kuliko neno lile lilivyomtoka yule binti.

Babu wa makaa ndiye aliyekwenda kwanza. Akaingia ndani, wengine wakamfuata, wakamtoa Ishaka na kitanda chake. Ngowa akashika mguu wa mbele wa kitanda. Wakaondoka kwa mbio kuelekea ferini.

Mwanatabu alipoona mumewe amechukuliwa, alianguka miguuni kwa Margaret, akaishika miguu ile, akalia. "Umeniokolea mume. Nipe radhi yako, nipe radhi, nisife na dhambi hii."

Margaret alivuta miguu yake, mmoja baada ya mwingine.

"Radhi muombe mwanangu," akasema. Akaenda zake kumfuata mumewe.

Ishaka alipona. Alikaa hospitali muda mrefu, akatoka amekonda, lakini alitoka kwa miguu yake. Hakurudi Likoni. Alikwenda kwa dadake Mtopanga, na kutoka huko akatuma watu wawili wazima kuleta talaka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaambia wamwambie hivi tu: kwamba alisikia yote dirishani, na kwamba hawezi kupokea kikombe mkononi mwa mtu aliyesikia mtoto akifa akafagia ua.

Mwanatabu yu hai. Mwaijua nyumba yake. Kusi likiingia hushikwa na mafua kama sisi sote, na asubuhi utasikia kinu kikilia, anajipondea mwenyewe, anajichemshia, anakunywa peke yake. Wapo wanaoniambia, "Ni mtu mzima sasa, tumwendee, tumpelekee hata uji." Nendeni nyie. Mimi siendi. Nikipita pale nakumbuka kitoto kilichofungwa kanga, na miguu yangu inapita yenyewe.

FUNZO

Mgeni akikosea ada yako, mwambie siku hiyo hiyo, kwa mdomo wa upole. Hajui, na kutojua si dharau. Ukimnyima neno moja la kumfunza kisha ukamtafutia maneno mia ya kumwangamiza, mkosaji ni wewe.

Wema unaohesabiwa si wema. Ukimpelekea mgonjwa kitu cha kumpa nafuu, mpe, kisha usahau. Anayetaka shukrani kwa nguvu atakuja kuitoza kwa roho ya mtu.

Na ninyi mnaobeba maneno kutoka kisimani, msijifiche nyuma ya Mwanatabu. Yeye alisema mara moja, ninyi mlisema mara nyingi. Mkunga hakurudishwa mlangoni na Mwanatabu, alirudishwa na midomo yenu. Ugonjwa wa mtu usiouona usiutaje, na ulichokiona kipeleke kwa mganga wa hospitali, usikipeleke kisimani.

Chemsheni tangawizi zenu, kamulieni ndimu, pelekeaneni. Ni jambo jema, na Mungu alizidishe. Lakini atakayemzushia jirani yake ili apoze moyo wake, na ajue hivi: siku atakayohitaji kuaminiwa, atapiga hodi, na watu watakuwa ndani, watamsikia, na hawatafungua.